HABARI ZA VISIWA VYA KRAKATAU

Katika mlango wa bahari wa Sunda, baina ya nchi ya Jawa na nchi ya Sumatra, viko visiwa vinne vidogo visivyo na mji wala kijiji. Majina yake ni Rakata, Sertung, Panjang, na Anak Krakatau, maana yake Mtoto wa Krakatau. Mtu apitaye na merikebu huona milima yenye miti, na mmoja unaotoa moshi, kisha hupita zake. Walakini ni vigumu kutaja visiwa vingine vidogo kama hivi ambavyo wanazuoni wa vyuo vikuu wamevizuru mara nyingi namna hii, wakilala pwani katika mahema, wakihesabu miti, ndege, mchwa na buibui, na kuchimba mashimo katika majivu. Tumeona vema kuwaandikia wasomaji wetu asili ya safari hizo, maana habari yake ni ya ajabu, tena sehemu yake moja ilifika mpaka pwani zetu.

Zamani kilikuwako kisiwa kimoja kikubwa, na majirani wake wadogo kando. Juu yake palikuwa na vilele vitatu, Rakata, Danan na Perboewatan, na mlima wote ulifunikwa na msitu. Mwaka 1780 merikebu za Captain Cook zilitia nanga hapo, yeye mwenyewe akiwa amekwisha uawa mwaka uliotangulia, na mchoraji John Webber akachora picha za miti aliyoiona. Picha hizo ni katika ushahidi mchache tulio nao juu ya msitu ule, kwa sababu hapana mtu aliyejisumbua kuandika orodha ya mimea yake wala ya wanyama. Nani angedhani kwamba itahitajiwa?

Tarehe 20 Mei 1883 mlima ulianza kutoa moshi na majivu. Watu wa Batavia, mji mkuu wa Waholanzi katika Jawa, hawakuogopa sana. Wiki moja baadaye merikebu ya moshi iitwayo Gouverneur-Generaal Loudon ilichukua abiria wapatao 80 kwenda kutazama, nao wakashuka pwani, wakapanda katika majivu hata ukingo wa shimo la moto, wakachungulia ndani. Mmoja alipiga picha. Tukisoma habari ya matembezi yale tunastaajabu jinsi walivyotembea juu ya kifuniko cha chungu kinachochemka. Tarehe 11 Agosti alifika Captain Ferzenaar, mpima nchi wa serikali ya Kiholanzi, akauzunguka upande mmoja wa kisiwa kwa mashua, akachora ramani. Aliona mashina ya miti yasiyo na majani. Aliandika kwamba kuendelea kupima ni hatari, naye alisema kweli, kwa kuwa ndiye mtu wa mwisho ajulikanaye kukanyaga kisiwa kile cha kale.

Jumapili ya tarehe 26 Agosti, baada ya adhuhuri, mlima ulipasuka, ukaendelea usiku kucha. Asubuhi ya pili yake, saa nne na dakika mbili, ulitokea mshindo uliokuwa mkubwa kuliko yote. Katika kisiwa cha Rodrigues, karibu maili 3000 upande wa magharibi, mkuu wa polisi jina lake James Wallis alisikia ngurumo kama za mizinga mbali baharini, akaandika saa aliyoisikia. Sauti ilikuwa imesafiri muda wa saa nne. Msukumo wake katika hewa, ambao masikio hayausikii, ulizunguka dunia zaidi ya mara moja, na vipimo vya hewa katika miji mingi viliuonyesha kila ulipopita.

Inafaa kueleza kidogo kilichotukia. Chini ya mlima wa moto lipo ghala la mawe yaliyoyeyuka kwa moto, na ndani ya mawe hayo umo mvuke uliobanwa. Ukipata nafasi ya kutoka, mvuke hufura mara moja, na mawe yale huwa povu, kama maziwa yafurikavyo jikoni. Ghala la Krakatau lilitapika upesi mno hata likawa tupu, na dari yake, yaani kisiwa chenyewe, ikakosa cha kuishikilia ikaporomoka. Thuluthi mbili za kisiwa zilizama. Pale kilipokuwa kilele cha Danan pakawa na bahari yenye kina cha meta 250 hivi. Kilele cha Rakata kilikatwa katikati kama mkate, nusu ikabaki imesimama, na hata leo mwanafunzi akija kwa mashua upande wa kaskazini huona tumbo la mlima liko wazi mbele yake, tabaka juu ya tabaka, na mishipa ya jiwe jeusi ambayo zamani ilikuwa njia za moto. Waalimu wa elimu ya mawe hupenda kuwaleta vijana mahali hapo, maana milima mingine huficha mambo yake ya ndani.

Walakini waliokufa hawakuuawa na moto, isipokuwa wachache kwa kulinganisha. Waliuawa na maji. Bahari iliyosukumwa iliinuka katika mawimbi, na mahali pengine yalipita meta 30 kwa urefu. Miji ya Anjer na Merak katika Jawa, na Telok Betong katika Sumatra, ilifagiliwa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 36,417. Merikebu ya vita iitwayo Berouw ilichukuliwa kutoka bandarini ikatupwa bondeni ndani ya msitu, mbali na pwani. Loudon, ile ile iliyowapeleka watazamaji mwezi wa Mei, ilikuwa katika ghuba ya Telok Betong na abiria ndani yake. Nahodha Lindeman aliielekeza omo kwenye wimbi, ikapanda, ikashuka upande wa pili salama, na waliokuwa sitahani wakautazama mji ukitoweka.

Mavumbi yalipanda juu sana, yakaenea duniani. Mwezi wa Novemba mwaka ule machweo yalikuwa mekundu hata katika miji ya Poughkeepsie na New Haven huko Marekani watu wa zimamoto waliitwa, wakidhani kuna nyumba zinaungua.

Na sasa tuitaje sehemu iliyofika kwetu. Lile povu la mawe lilipopoa likawa mawe mepesi yenye matundu mengi, ambayo huelea majini. Yalikusanyika baharini kama matandiko makubwa, mkondo ukayavuta kuelekea magharibi. Mwezi wa Julai 1884, karibu mwaka mzima baadaye, watoto wa shule ya misheni katika Unguja waliyaokota pwani, wakayachezea kwa kuwa waliona mawe yasiyozama. Aliyewaongoza aliona pia mafuvu na mifupa ya watu kwenye mstari wa maji makuu. Waliokufa Sunda walikuwa wamesafiri zaidi ya maili 4000, pengine juu ya matandiko yale ya mawe, wakazikwa na mchanga wa watu wasiowajua. Hatujapata kusoma kwamba yuko aliyejua majina yao.

Turudi kisiwani. Mwezi wa Oktoba 1883 serikali ilimtuma Rogier Verbeek, mtaalamu wa madini, achunguze. Alikuta Rakata imefunikwa na majivu ya moto, mahali pengi kina chake kilipita meta 30. Kitabu alichokiandika ni kikubwa, na mpaka leo hakuna anayeandika habari za Krakatau bila kumtaja. Lakini alikuwa mtu wa mawe. Hakutafuta mizizi katika nyufa za miamba, wala hakutumwa kufanya hivyo.

Mwezi wa Mei 1884 akaja Mfaransa Edmond Cotteau pamoja na wenziwe. Walitafuta kila dalili ya uhai, wakaona kitu kimoja tu: buibui mdogo sana, peke yake, akifuma utando wake. Wengi huitaja habari hii kama kichekesho, kwamba buibui alitandika wavu mahali pasipo nzi. Sisi tunaiona ni habari kubwa. Buibui wadogo husafiri kwa kutoa uzi na kuuachia upepo, basi yule alikuwa ameshuka kutoka mbinguni kama kijana wa mwavuli. Na uhai wa kwanza kuonekana juu ya nchi ile iliyokufa ulikuwa ni mwindaji, si majani kama mtu angedhani.

Mwaka 1886 Melchior Treub, msimamizi wa bustani kuu ya mimea ya Buitenzorg, mji uitwao sasa Bogor, alikaa kisiwani muda mfupi. Alikuta aina 26 za mimea. Kati ya hizo 11 zilikuwa za jamii ya kangaga, ambazo hazina maua wala mbegu, ila hutawanya unga mwepesi kama vumbi. Juu ya majivu aliona utando mwembamba wenye utelezi, rangi ya kijani iliyokoza, akafundisha kwamba ndio uliowatandikia wengine kitanda. Pwani palikuwa na mimea ya aina ile ambayo mbegu zake huelea. Msomaji wetu wa pwani angefika leo katika visiwa hivyo asingejiona mgeni kabisa, kwa maana angekuta mlakasa ukitambaa mchangani, na mvinje, na mkungu, miti ile ile aliyoiacha nyumbani. Bahari moja imeipanda pande zote mbili.

Tangu hapo wageni waliendelea kuja. Profesa Alfred Ernst wa Chuo Kikuu cha Zurich alikuja mwaka 1906 akatoa kitabu. Kenge alikwisha onekana mwaka 1889, maana ni mwogeleaji hodari. Mwaka 1908 ndege wakaao Rakata walihesabiwa aina 13. Msitu ulipoinuka, ulileta watu wake: njiwa na popo walikuja kula, wakaacha mbegu za mikuyu ya mwitu, na mikuyu ikavuta njiwa na popo wengine.

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa jambo la mkuyu linastahili. Kila aina ya mkuyu ina nyigu wake, mdogo kuliko mbu, aingiaye ndani ya tunda kubeba unga wa maua. Asipokuwako nyigu huyo, mkuyu hauzai mbegu. Kwa hiyo haitoshi popo kuleta mbegu: mti ukiisha kukua, husimama ukingoja mpaka upepo umlete nyigu wake kuvuka maili 20 na zaidi za bahari. Nao walifika. Waalimu wa Chuo Kikuu cha La Trobe cha Australia, wakiongozwa na Ian Thornton, ambao walifanya safari nyingi tangu mwaka 1984, walijishughulisha sana na habari hii ya mikuyu na nyigu, na kwa maoni yetu hakuna sehemu nzuri kuliko hiyo katika kazi yao yote.

Wakati wa vita kuu ya kwanza alikaa Rakata Mjerumani mmoja jina lake Handl, aliyekusanya yale mawe mepesi ya kuuza. Alijenga nyumba, akalima bustani. Baada ya kuondoka kwake walionekana panya, na wanazuoni wengi humtia yeye hatiani. Mtu mmoja alikaa muda mfupi, na alama yake haijafutika.

Mwaka 1929 ulizuka ugomvi. Backer, mwanazuoni wa mimea aliyeijua Jawa kama kiganja chake, aliandika kitabu akisema kwamba hadithi yote ya Krakatau haina msingi. Nani aliyethibitisha kuwa kila kitu kilikufa? Hapakuwa na orodha ya mimea kabla ya 1883. Baada ya mshindo, wa kwanza kutafuta mimea kwa bidii alifika miaka mitatu baadaye, tena hakukaa sana wala hakupanda kila bonde. Huenda mizizi ilibaki katika miamba mikali ambapo mvua iliondoa majivu upesi. Wenziwe walikasirika, naye maneno yake yalikuwa makali kuliko ilivyohitajiwa. Docters van Leeuwen, aliyeikusanya habari ya mimea yote katika kitabu chake cha mwaka 1936, alimpinga, na wengi wa leo humfuata yeye, kwa kuwa majivu ya moto yenye kina kama kile hayaachi kitu hai. Sisi pia twaona hivyo. Walakini Backer alikuwa na haki katika jambo moja: jibu kamili haliwezi kupatikana tena, kwa kuwa wakati wa kuhesabu ulipita bila mhesabu.

Ndiyo maana kilipozaliwa kisiwa cha nne wanazuoni walikishika kama mtu ashikaye nafasi ya pili. Mwishoni mwa Desemba 1927 maji yalichemka katikati ya visiwa vitatu, moto ukatoka chini ya bahari. Kisiwa kilitokea, mawimbi yakakiondoa, kikatokea tena, kikaondolewa, na kile kilichodumu kilisimama mwezi wa Agosti 1930. Safari hii mashahidi walikuwapo tangu siku ya kwanza. Lakini mtoto yule hakuwaacha wafanye kazi kwa raha. Mara kwa mara alitupa majivu juu ya majirani wake Sertung na Panjang, hata misitu yao ikawa tofauti na ule wa Rakata, na mwaka 1952 aliunguza mimea yake mwenyewe, hesabu ikabidi kuanza upya.

Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Hull cha Uingereza kilipeleka safari, na Robert Whittaker na wenziwe waliendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi, wakishirikiana na wenyeji. Katika wenyeji hao tumtaje Tukirin Partomihardjo wa Bogor, aliyefanya mimea ya visiwa hivi kuwa somo lake. Vitabu vya zamani huwataja Wazungu kwa majina yao yote, lakini wachukuzi na mabaharia wa Kijawa waliowavusha na kuwatangulia juani huitwa tu wachukuzi na mabaharia.

Kazi ya safari kama hizo si ya matembezi. Visiwa havina mito ya kudumu, hivyo maji ya kunywa huletwa kutoka Jawa. Hupima kipande cha msitu kwa kamba, hupiga kibati chenye namba juu ya kila mti, hupima unene wa shina usawa wa kifua, na kuandika. Baada ya miaka kadhaa huja wengine kuvitafuta vibati vile, kujua ni mti gani umekufa na upi umenenepa. Juu ya miamba mitupu ya Anak Krakatau watu wa La Trobe waliweka vyombo vya maji kutega vile vinavyoanguka kutoka hewani, wakapata wadudu na buibui siku kwa siku. Tena waligundua nyenje mdogo wa ardhini aishiye katika miamba ile isiyo na jani hata moja, chakula chake ni wadudu walioletwa na upepo. Basi yule buibui wa Cotteau hakuwa mjinga aliyepotea njia. Chakula kilikuwa kikimwangukia.

Hesabu za visiwa hivi zilizaa elimu ya kutumika kwingine. Ndege wa Rakata walikuwa aina 13 mwaka 1908, wakawa 27 ilipofika mwaka 1921. Walipohesabiwa tena kati ya 1932 na 1934 walikuwa 27 vilevile, na mtu mvivu angesema hakuna kilichobadilika. Kumbe aina tano zilikuwa zimetoweka na nyingine tano zimekuja mahali pao. Wamarekani wawili, Robert MacArthur na Edward Wilson, waliyatumia majedwali haya katika miaka ya 1960 kufundisha kwamba kila kisiwa kina kiasi chake, wakija hawa wanaondoka wale. Leo mafundisho hayo, pamoja na mabishano yake, huingia katika kila shauri la kuhifadhi wanyama, kwa sababu msitu uliozungukwa na mashamba nao ni kisiwa.

Usiku wa tarehe 22 Desemba 2018, baada ya miezi kadhaa ya moto, ubavu wa kusini-magharibi wa Anak Krakatau uliteleza baharini. Mlima uliokuwa na meta 338 ukabaki na meta 110 hivi. Wimbi lilizifikia pwani za Jawa na Sumatra, likaua watu zaidi ya 400, wengine wakiwa katika ngoma na karamu za mwisho wa mwaka. Hapakulia king'ora, kwa maana mitambo ya kuonya wimbi katika Indonesia ilitegemea tetemeko la nchi, na hapakuwa na tetemeko kubwa, ila mlima ulianguka tu. Jambo hili ndilo linalotuuma. Wanazuoni kadhaa walikuwa wamekwisha andika mwaka 2012 kwamba ubavu huo huo wa kusini-magharibi waweza kuanguka na kuleta wimbi, wakakadiria hata dakika litakazochukua kufika pwani. Kutoka karatasi ya wanazuoni hadi sikio la mvuvi ni safari ndefu kuliko mlango wote wa Sunda, na hiyo hakuna aliyeisafiri kwa wakati.

Mivinje ya pwani ya mashariki na mikuyu iliyongojea nyigu vilizikwa. Mlima haukukaa kimya: uliendelea kutupa mawe, ukaziba pengo lake, ukajijenga, ukatoa majivu tena mwaka 2020 na mwaka 2022. Rakata ungali umesimama na nusu yake, na msitu wake wenye umri wa miaka mia na arobaini, tayari kumpelekea mtoto mbegu, popo, na buibui wa uzi.